Kigamboni au Mbezi? Nenda ukaone vuli ikinyesha

Ikifika Septemba simu yangu haipoi. Kuna wanaotaka kuhama kabla mvua haijaanza, kuna wanaosubiri watoto wafunge shule, na kuna wale ambao mkataba unakwisha Desemba na baba mwenye nyumba ameshaanza kudokeza kwamba "mambo yamepanda". Kwa wenye familia na kipato cha kati, wanaotaka nyumba ya kujitegemea yenye uwanja kidogo wa kuanika nguo, mazungumzo huishia kwenye swali lilelile: dalali, Kigamboni au Mbezi?

Yote mawili ni maeneo ya Dar es Salaam. Kigamboni iko ng'ambo ya maji, na Mbezi ninayoisema hapa ni ile ya barabara ya Morogoro: Mbezi Luis, Makabe, Msakuzi, Msigani, Malamba Mawili na huko Kimara Temboni na Suka. Siizungumzii Mbezi Beach. Anayetafuta Mbezi Beach huwa haanzi kwa kuuliza bei.

Niseme mapema kwamba sina upande. Udalali wangu ni kodi ya mwezi mmoja, uende ng'ambo au upande mlima. Ila nina ushauri mmoja ambao umenigharimu wateja, na nitaendelea kuutoa: usikubali kulipa kodi ya miezi sita kwa nyumba uliyoiona Agosti. Agosti kila nyumba ya Dar es Salaam ni nzuri. Barabara imekauka, korongo linaonekana kama kichochoro, shimo la choo halinuki na ukuta umepigwa rangi juzi. Subiri vuli. Kuanzia Oktoba hadi Desemba mvua inapita mtaa kwa mtaa ikifanya ukaguzi ambao hakuna dalali atakufanyia. Haina uzito wa masika ya Machi hadi Mei, lakini hukuta mitaro imejaa taka za miezi minne na ardhi ngumu kama sahani. Waliokuwepo Desemba 2011 wanakumbuka: mafuriko yale ya Jangwani na bonde zima la Msimbazi, ambayo yalifanya watu wahamishiwe Mabwepande, yalikuwa ya vuli.

Maji yanayokaa na maji yanayokimbia

Ukinilazimisha nitofautishe sehemu hizi mbili kwa sentensi moja, nitasema Kigamboni maji yanakaa na Mbezi maji yanakimbia. Mengine mengi yanatokana na hapo.

Kigamboni ni tambarare na sehemu kubwa ni mchanga. Mvua ya nusu saa inanywewa na ardhi, na asubuhi watoto wanakwenda shule viatu vikiwa safi. Tatizo linaanza mvua ikirudi siku ya tatu mfululizo. Kwenye mabonde madogo, ambayo kwa macho huwezi kuyatambua kama ni mabonde, dimbwi linatokea na halina pa kwenda. Linakaa wiki. Vyura wanahamia, mbu wanafuata, na njia fupi ya kwenda kituoni inageuka njia ndefu. Halafu kuna jambo ambalo wapangaji hawaulizi kwa sababu ya aibu: choo. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo linajaa kwa maji ya mvua hata kama nyumba ina watu wawili. Gari la kunyonya linaitwa, baada ya wiki mbili linaitwa tena. Muulize mpangaji anayehama, usimuulize mwenye nyumba: mwaka jana mliita gari la choo mara ngapi? Atacheka kwanza, kisha atakwambia.

Mbezi ni vilima. Maji hayakai hata dakika, na hapo ndipo penye kasheshe. Yanashuka na kila kitu: udongo mwekundu, ndoo ya jirani, kokoto ulizomwaga jana getini. Barabara ya mtaa iliyokuwa inapitisha gari dogo Septemba, Novemba ina mfereji katikati unaoweza kumeza tairi. Bodaboda anakushusha chini na kukuambia, "Mama, hapa mwisho," nawe unapanda na mfuko wa unga mkononi, viatu mkono wa pili. Makorongo nayo yanatembea. Leo liko mita sita kutoka ukutani kwako, vuli mbili baadaye liko mita tatu. Na kuna majirani wasio na haya ambao hungoja mvua kubwa wafungulie chemba. Kutapisha choo ni kosa, kila mtu anajua, lakini saa nane za usiku mvua ikiwa imeshika kasi nani atatoka kwenda kuangalia? Ukipanga nyumba iliyo chini ya mteremko, jua kwamba uko chini ya vyoo vya watu wote walio juu yako.

Kwa hiyo ukifika kuangalia nyumba, ukuta usome kwanza, jipsamu na marumaru baadaye. Rangi mpya iliyopigwa mita moja tu kutoka chini, huku juu ikiwa ya zamani, inaficha mstari wa maji. Kaukuta kafupi ka matofali mbele ya mlango, kale ka kuvuka kwa kunyanyua mguu, hakakujengwa kwa urembo. Mbezi, angalia nyuma ya nyumba: ukikuta matairi chakavu yamepangwa kama ngazi na kujazwa udongo, au viroba vya mchanga, au matete yamepandwa kwa mstari, basi hapo pana vita kati ya mwenye nyumba na korongo, na wewe unataka kujua nani anashinda. Kigamboni, gusa nondo za madirisha. Upepo wa bahari una chumvi. Karibu na ufukwe grili ya miaka mitatu ina kutu kama ya miaka kumi, na bati halikadhalika. Kutu yenyewe haitakufukuza kwenye nyumba, ila itakuambia fundi atakuja mara ngapi na nani atamlipa, jambo ambalo linapaswa kuandikwa kwenye mkataba.

Nami nimewahi kukosea, na kosa hilo ndilo lililonifundisha haya yote. Miaka kadhaa nyuma nilimpeleka dada mmoja nyumba ya upande wa Makabe, mwezi wa tisa. Vyumba vitatu, uzio, mita ya umeme yake mwenyewe. Pembeni palikuwa na kijia kikavu chenye mchanga msafi, watoto wanacheza mpira. Akaniuliza, "Hapa maji hayapiti?" Mwenye nyumba akadakia kwamba yanapita kidogo tu wakati wa masika. Mimi nikatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa nilitaka biashara iishe. Mchanga msafi katikati ya mtaa wa udongo mwekundu! Mtoto mdogo angejiuliza umeletwa na nini. Katikati ya Novemba alinipigia saa tisa usiku, hasemi neno, ananisikilizisha tu sauti ya maji. Nilimtafutia nyumba nyingine bila udalali. Kodi ya miezi iliyobaki hakurudishiwa.

Maji ya kunywa, ambayo ni habari nyingine

Watu hudhani mwezi wa mvua ni mwezi wa maji bombani. Si lazima. Mbezi na Kimara zinategemea maji ya mto Ruvu yanayokuja kwa bomba kuu la Ruvu Juu, na mvua za vuli zikichelewa mto unashuka. Oktoba 2022 DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilitangaza mgao kwa sababu hiyo hiyo. Ukiwa kilimani unapata shida mara mbili, kwanza zamu yako ifike, kisha msukumo wa maji uweze kupanda hadi kwako. Nyumba ya Mbezi isiyo na simtanki ya maana, iliyoinuliwa juu ya mnara, mimi siipeleki kwa mtu mwenye watoto wadogo.

Kigamboni wana bahati ya kukaa juu ya maji. Visima virefu vilivyochimbwa upande wa Kisarawe II vimebadilisha mambo kwa waliounganishiwa bomba. Ambao hawajaunganishiwa wanategemea visima vya nyumbani au vya jirani, na vile vifupi vilivyo karibu na bahari vina chumvi. Usipoteze muda kuuliza kama maji ni matamu, maana aliyezoea atakuambia ni matamu. Omba maji ya kunawa na kipande cha sabuni. Sabuni isipotoa povu, umeshajibiwa.

Kwenda mjini na kurudi

Mwaka 2016 ulizibadilisha sehemu hizi zote kwa mwezi mmoja tu wa tofauti. Aprili lilifunguliwa Daraja la Nyerere, mita 680 juu ya mkondo wa Kurasini, na Mei mabasi ya mwendokasi yakaanza kutoka Kimara hadi Kivukoni. Kabla ya hapo Kigamboni ilikuwa ni pantoni tu, au kuzunguka mbali kupitia Kongowe. Na Mbezi ilikuwa ni foleni ya barabara ya Morogoro ambayo watu walipigia mswaki ndani ya daladala.

Leo mkazi wa Kigamboni ana milango miwili. Anayefanya kazi Posta au Kivukoni na anaishi karibu na Feri, Tungi au Mjimwema, pantoni ndiyo njia: shilingi 200, dakika chache za kuvuka, halafu mguu hadi ofisini. Siku pantoni zote zikiwa majini ni safari tamu kuliko zote katika jiji hili. Unasimama pembeni, upepo unakupiga usoni, unaona meli kubwa zinasubiri. Siku pantoni moja ikiwa matengenezoni, utasimama kwenye banda la kusubiria pamoja na watu elfu, magunia ya nazi na baiskeli, na mvua ikinyesha upande upande hakuna bati litakalokusaidia. Anayekaa Kibada au Kisota hupita darajani na kushukia Kurasini, karibu na bandari na barabara ya Kilwa. Daraja lina tozo kwa magari, kwa hiyo mwenye gari aipigie hesabu ya mwezi kabla hajashangilia kodi ya nyumba iliyo nafuu.

Mkazi wa Mbezi ana mlango mmoja, ila ni mpana. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara kwenda Kibaha, na ukishafika Kimara Mwisho mwendokasi unakuchukua. Nasema ukishafika, kwa sababu safari ya Mbezi haianzi kituoni, inaanza getini kwako: dakika kumi na tano za bodaboda kutoka Msakuzi hadi lami, nauli yake kwenda na kurudi ikizidi ile ya basi. Wengi huisahau kwenye hesabu. Halafu kuna Jangwani. Unaweza kuwa umelala pakavu kabisa kilimani, hujaona dimbwi, lakini mto Msimbazi ukifurika barabara inafungwa pale chini na basi lako linaishia Magomeni. Mvua ya mtu mwingine ndiyo inayokuchelewesha kazini.

Nikiulizwa na mwenye kazi Kariakoo, Magomeni, Ubungo au Chuo Kikuu, sina haja ya kufikiri: Mbezi. Mwenye kazi bandarini, Kurasini, Chang'ombe au Posta, namvusha maji.

Mitaa, na watu wake

Hapa ndipo wateja hawaniulizi kitu, na ndipo wanapojuta au kushukuru baadaye. Nyumba utaizoea. Mtaa usipoupenda hutauzoea.

Kigamboni ni mbili, tena zinatofautiana. Kuna Kibada, Kisota na mitaa iliyozaliwa na ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000: barabara zimenyooka, viwanja vimepimwa, kila mtu na uzio wake, geti jeusi na mbwa. Ni pazuri, ni kimya, na unaweza kukaa mwaka mzima hujui jina la jirani. Na kuna Kigamboni ya vijiji vya zamani, Mjimwema, Gezaulole na kwendelea mpaka Kimbiji, ambako watu walikuwepo kabla ya ramani. Jina Gezaulole lenyewe ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Huko ukihamia Jumatatu, Jumatano mama wa nyumba ya pili ameshakuja na bakuli, na anataka kujua wewe ni mtu wa wapi, unasali wapi, na mbona mume hajaonekana. Msiba ukitokea mtaani hauulizwi kama umealikwa. Unachukua khanga yako na kwenda kukaa mkekani.

Na vuli ndio msimu wa Kigamboni. Kati ya kusi kumalizika na kaskazi kuanza kuvuma Desemba kuna matlai, bahari inatulia, ngalawa zinatoka na kurudi na samaki. Ukishuka ufukweni asubuhi unachagua mwenyewe kabla hawajafika soko la Feri. Maji yakitoka sana siku za bamvua, akina mama wanaingia kwenye miamba na vijiti vyao kutafuta pweza. Nchi kavu, mikorosho imezaa, na harufu ya mabibo yaliyoanguka inakuandama njia nzima. Halafu maembe. Kuna viwanja Kibada ambavyo mwenyewe amejenga akauacha mwembe wa zamani getini, na kufikia Desemba watoto wa mtaa mzima wanajua ratiba yake ya kutoka na kurudi kazini.

Mbezi ni mji wa waliokuja. Kilimanjaro, Kagera, Mbeya, Mara. Kila mtu alinunua kipande chake, akachimba msingi, akahamia nyumba haina milango. Kwa hiyo ujirani wa Mbezi haukurithiwa, umetengenezwa kwa vikao. Kikoba cha akina mama Jumapili jioni, jumuiya ndogondogo kwa Wakatoliki, kwaya ya kanisa, darasa la madrasa msikitini, kundi la WhatsApp la mtaa lenye ulinzi shirikishi na matangazo ya kuuza kuku. Kikao chenye mahudhurio mazuri kuliko vyote ni cha vuli, mvua ya kwanza ikishakata barabara. Hapo ndipo utajua umehamia na watu gani. Nimeshuhudia mtaa mmoja Msigani ambao wanachanga kila Novemba, wanakodi greda, wanamwaga kifusi, na mtu aliyechanga shilingi elfu tano anasimama kusimamia utadhani mkandarasi. Nimeona mwingine, mteremko uleule, ambako kila mmoja anangoja mwenye gari kubwa ndiye atengeneze. Kabla ya kulipa, uliza swali dogo dukani: barabara hii ikikatika nani anaitengeneza? Jibu "serikali" na jibu "sisi wenyewe" ni mitaa miwili tofauti hata kama inatenganishwa na korongo moja.

Mvua ya kwanza Mbezi inaleta kumbikumbi. Taa ya nje ikiwaka tu wanajaa, watoto wanatoka na mabeseni, na asubuhi varanda imejaa mabawa. Novemba hiyohiyo wenye kwao Bukoba wanaanza kupokea vifurushi vya senene kwa mabasi, na jirani asiyewahi kuwala anapewa kiganja aonje. Mimi wa pwani niliwakataa miaka miwili. Sasa naulizia.

Kwa kadi za mialiko, Mbezi jiandae mfukoni. Oktoba na Novemba ni mahafali na kipaimara, Desemba ni harusi, na kila shughuli ina kadi ya mchango, kikao cha mchango, na simu ya kukumbusha mchango. Kigamboni ya vijijini inakuomba muda wako zaidi: kumenya, kuchota, kukesha. Mtu mwenye pesa asiye na muda na mtu mwenye muda asiye na pesa, kila mmoja ana mahali atakapopumua vizuri.

Desemba, mtihani wa mwisho

Baada ya tarehe 15 Desemba Mbezi inaanza kumwagika. Kituo cha mabasi cha Magufuli kipo hapohapo Mbezi Luis tangu 2021, na mkazi wa jirani anakwenda kupanda basi la Moshi kwa bodaboda huku wa Mbagala akiamka saa saba. Lakini ukiwa huendi popote, utaona mtaa ulivyo mkiwa: geti baada ya geti lina kufuli, mlinzi mmoja anaangalia nyumba nne, duka limefungwa. Wezi nao wanaijua kalenda. Kama kazi yako haikuruhusu kusafiri sikukuu, hakikisha una jirani mmoja ambaye naye hasafiri, na mfahamiane mapema.

Kigamboni ni kinyume. Wenyeji wapo kwao, na jiji zima linawafuata. Kuanzia mkesha wa Krismasi hadi Mwaka Mpya fukwe zinajaa, foleni ya magari kwenda pantoni inarudi nyuma mpaka usione mwanzo wake, na darajani si afadhali. Mkazi mwenye akili ananunua mchele na gesi tarehe 22 na hatoki mpaka tarehe 2. Muziki utausikia utake usitake.

Mengine kwa haraka

Hospitali: Mbezi uko karibu na Mloganzila, Kigamboni kuna Vijibweni, na kwa rufaa ya usiku daraja halifungwi. Shule za binafsi zenye mabasi zipo pande zote. Muulize dereva wa basi hilo, siyo mwalimu mkuu, kama mvua ikinyesha anafika hadi getini kwako. Umeme ukatikao mvua ikinyesha ni wa wote. Kodi za nyumba zinazolingana hazitofautiani kama watu wanavyodhani. Kinachotofautiana ni nauli.

Wanaotaka kununua, hilo ni somo refu, ila nitaje mawili. Kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, zikiwemo zilizokaliwa miaka mingi. Kigamboni nako kulikuwa na mpango wa mji mpya uliotangazwa 2008, ukafanya watu wakae miaka wakiogopa kujenga au kuuza, na baadaye ukaachwa. Kiwanja kizuri chenye bei ya kutupa, pande zote mbili, kina historia. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha ardhi wilayani, ndipo uje kwangu tuzungumze. Hata mpangaji wa kawaida aanzie kwa mtendaji wa mtaa. Barua ya utambulisho utaihitaji, na yule anajua mashauri ya kila geti.

Nani wapi

Familia changa yenye watoto wanaocheza chini, na mtu mzima mmoja anayeshinda nyumbani: Kigamboni, kwenye mchanga ulioinuka kidogo, ukihakikisha kuhusu choo. Wanandoa ambao wote wawili wana kazi za saa maalumu mjini kati na Ubungo, wanaorudi saa mbili usiku: Mbezi, nusu kilomita kutoka lami, hata kama itabidi wapunguze chumba kimoja. Mzee aliyestaafu nisingempandisha kilimani kwa lolote. Fundi au mfanyabiashara anayebeba mizigo Kariakoo kila siku nisingemwekea maji katikati.

Wanaonisumbua ni wale wa katikati. Novemba iliyopita nilikuwa na wanandoa, mke nesi Upanga, mume anafanya kazi bandarini. Mume kwake ni Kigamboni moja kwa moja. Mke zamu zake za usiku zinaisha saa moja asubuhi na alishachoka kufikiria pantoni. Alitaka Temboni, ashuke mwendokasi alale. Nikawaambia sitawapeleka popote mpaka inyeshe. Wakaniona mtu wa ajabu. Jumamosi moja anga likafunga tangu alfajiri, nikawapigia: njooni sasa, na viatu vya kuharibika.

Temboni tulifika mvua ikiwa imeshika. Bajaji ilisota mara mbili, tukashuka, tukapanda kwa miguu tukishikana mikono kama watoto. Nyumba ilikuwa nzuri, kavu, juu kabisa. Mke alisimama varandani akitazama mji kwa chini na nikadhani biashara imeisha. Kisha akageuka kuitazama ile njia tuliyopanda, maji mekundu yakishuka, akauliza, "Saa kumi na moja jioni, giza likikaribia, mvua kama hii, naenda zamu nashukaje hapa?" Hakuna aliyemjibu.

Mchana tukavuka. Kibada ilikuwa na madimbwi mawili barabarani, tukayazunguka. Mama wa nyumba ya jirani, ambaye hatukumwita, alifungua geti lake akatuita tujikinge, akatuletea maembe yaliyomenywa na chumvi ya pilipili. Nesi alikula la kwanza, akafuta mikono, akaomba kwenda msalani. Alikaa huko kidogo. Aliporudi aliniambia amefungua bomba, amesugua sabuni, povu lipo. "Sasa niambie ukweli, dalali," akasema, "gari la choo linakuja mara ngapi?"

Yule mama ndiye aliyeangua kicheko.